Riili saba za mjomba: Led Zeppelin, London 1975, ndani ya sanduku la bati Jericho

mpwa_wa_jericho

Wadau, vuteni viti, uzi huu ni mrefu. Kazi yenyewe imenila miezi kumi na moja ya wikendi na usiku.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alisomea ufundi wa umeme London miaka ya sabini. Alipofariki, mimi na binamu zangu tulitumwa kuondoa vitu nyumbani kwake mtaa wa Jericho, Nairobi, kabla mpangaji mwingine hajaingia. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, lile la shule ya bweni, jina lake limeandikwa juu kwa rangi nyeupe. Ndani mlikuwa na vyeti, redio iliyopasuka, kamera ndogo ya Super 8 (filamu nyembamba ya kupigia picha za nyumbani), na riili saba za plastiki, kila moja kwenye bahasha ya maabara. Binamu yangu alikuwa ameshaliweka sanduku zima kwenye rundo la kuchomwa. Kilichonishtua ni kipande cha tiketi kilichobanwa kwenye bahasha ya kwanza: ukumbi wa Earls Court, Jumapili, Mei 18, 1975. Led Zeppelin.

Kwa wasiojua: hao ni bendi ya rock ya Uingereza, na mwezi huo walipiga maonyesho matano ukumbini humo, tarehe 17, 18, 23, 24 na 25, watu kama 17,000 kila usiku. Albamu ya Physical Graffiti ilikuwa imetoka Februari, bado ina joto. DVD yao ya 2003 ina video rasmi ya Earls Court, lakini hiyo ni ya tarehe 24 na 25. Ya mjomba ni ya usiku mwingine, imepigwa kutoka viti vya juu na mtu aliyekuwa anajifunza kushika kamera. Ukumbi ulifungwa 2014, ukabomolewa. Na mjomba hakuwahi kutaja rock mbele yetu hata siku moja. Sisi tulimjua kwa Franco na kwaya ya kanisa.

Kabla ya lolote, nilizinusa. Si mzaha. Msingi wa filamu hizi ni asetati, na asetati ikianza kuoza inatoa asidi ileile iliyo kwenye siki. Kisha filamu inasinyaa, inajikunja, inakatika. Na ukifungia mbovu pamoja na nzima, mvuke wa mbovu unaziharakisha zilizobaki. Riili sita hazikuwa na harufu. Ya saba ilinuka kachumbari. Niliitenga siku hiyohiyo.

GitaaKavu

Buda!! Na mlitaka kuchoma? Mwambie huyo binamu ananidai, hapana, mimi ndiye namdai. Weka picha haraka.

Nyali74

Ndugu, pole kwa msiba. Mimi niko Mombasa na nina riili nne za baba, harusi na sherehe za mtaani. Zimeota ukungu mweupe kama unga. Za kwenu zimekaaje miaka hamsini bila kuoza zote?

mpwa_wa_jericho

@Nyali74 asante. Ni bahati ya mahali tu. Adui wa filamu ni joto na unyevu, na Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, usiku kuna baridi. Sanduku lilikuwa sakafuni upande usiopigwa na jua. Lingekuwa darini chini ya mabati tungekuta gundi. Pwani hali ni nyingine kabisa, nitakurudia.

Sasa wengi wameniuliza pembeni kwa nini nisingetafuta projekta, niielekeze ukutani, nirekodi na simu. Msifanye hivyo. Projekta inavuta filamu kwa meno ya chuma kupitia matundu ya pembeni. Filamu ya miaka 50 imesinyaa kidogo, matundu hayalingani tena na meno, na ukikosea inachanika kama karatasi. Taa nayo ina moto, ikikwama sekunde mbili fremu inaungua. Riili haina nakala. Iliyopita ndani ya kamera ya mjomba ndiyo hiyohiyo iliyoenda maabara na kurudi. Hakuna negativi kokote.

Nilijenga skana. Mwili wa projekta mbovu nilinunua soko la Gikomba, nikatoa meno yote na taa, nikaweka roli laini za mpira. Kijana mmoja wa jua kali Kamukunji alinichongea lango la shaba la kupitisha filamu, nikalirudisha mara tatu mpaka akaniuliza kama naunda bunduki. Mwanga ni LED nyeupe nyuma ya plastiki ya maziwa, ili utawanyike na kuficha mikwaruzo ya upande wa nyuma. Juu kuna kamera ndogo inayoendeshwa na Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kiganja. Filamu inasogea fremu moja, inasimama, kamera inapiga, inasogea tena. Kompyuta inatafuta tundu la pembeni katika picha na kuipanga fremu kwa kulifuata, kwa hiyo kusinyaa hakunisumbui sana.

Hesabu yake: riili moja ya futi 50 ina fremu 3,600. Kwa mwendo wa fremu 18 kwa sekunde hiyo ni dakika 3 na sekunde 20. Riili sita ni fremu 21,600, dakika 20 za onyesho lililozidi saa tatu. Kila fremu niliipiga mara mbili, moja ya mwanga mrefu kwa ajili ya giza la ukumbi na moja fupi kwa ajili ya taa za jukwaani. Jumla karibu gigabaiti 800. Riili moja ilichukua saa sita, stima ikikubali. Katika riili ya tatu ilipotea nikiwa nimebakiza fremu mia saba, na tangu siku hiyo kila kitu kiko kwenye betri ya akiba.

Kabla ya kuskani nilizisafisha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na isopropili ya asilimia 99, polepole, nikijaribu kwanza kwenye mkia wa filamu. Si spiriti ya dukani, ile ina maji. Na kama filamu yako ina mstari wa sauti wa kahawia pembeni, usiguse na chochote kabla hujauliza.

mzee_kamera

Kijana, umefanya vizuri kuacha projekta. Nilikuwa mpiga picha wa televisheni hapa Nairobi tangu enzi za filamu ya milimita 16 mpaka kanda za video, na nimeona mambo yakiharibiwa na watu wenye haraka.

Niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika. Kituoni kwetu kanda zilikuwa ghali na zililetwa kutoka ng'ambo. Zikipungua, tulipewa orodha ya vipindi vya kufuta ili turekodi juu yake. Muziki ndio uliotangulia, kwa sababu mkubwa mmoja alisema wanamuziki wapo, tutawarekodi tena. Mkono huu umefuta saa nzima ya bendi za Nairobi ili tupate pa kuweka mpira. Wengi wa wale wanamuziki wameshazikwa. Hata BBC walifuta vyao, kwa hiyo hatukuwa peke yetu, lakini hilo halinisaidii nikilala.

Swali langu: rangi zimebakije? Ektachrome ya zamani, ile filamu ya rangi ya Kodak, ilikuwa inatukimbia.

mpwa_wa_jericho

Mzee, asante sana kwa kutuambia hilo.

Rangi zilikuwa zimekimbia kweli. Ni Ektachrome 160, ambayo watu waliitumia kwa ajili ya ukumbi wenye giza. Rangi ya samawati imefifia kuliko nyingine, na kila kitu kimegeuka wekundu wa nyama mbichi. Tatizo la jukwaa la rock ni kwamba huna pa kuanzia: taa yenyewe inaweza kuwa nyekundu! Sikujua wekundu upi ni wa taa na upi ni wa uzee. Nilichokishika ni ngoma. John Bonham, mpiga ngoma wao, wakati huo alikuwa na zile Ludwig Vistalite za plastiki angavu, rangi ya kaharabu, na picha zake nzuri ziko nyingi. Nilitafuta sekunde ambazo taa nyeupe inampiga, nikarekebisha mpaka ngoma zikawa kaharabu, kisha nikaitumia rekebisho hiyohiyo kwa riili nzima bila kuangalia nyuma. Jukwaa likitoka jekundu baada ya hapo, basi ni jekundu.

Kuna mambo niliyoyaacha makusudi. Juu ya jukwaa kulikuwa na skrini kubwa ya video, na kwenye filamu inapitiwa na mistari myeusi inayopanda, kwa sababu mwendo wa video na mwendo wa kamera havilingani. Programu inaweza kuifuta. Niliiacha. Na kuna kichwa. Riili ya pili, karibu nusu yake, ina kisogo cha jamaa mrefu mwenye nywele za kichaka aliyekaa mbele ya mjomba. Jimmy Page, mpiga gitaa, anatokea upande wa sikio lake la kushoto, anapotea, anatokea tena kulia.

GitaaKavu

Hahaha, huyo jamaa anafaa kulipia. Kata fremu, kuza upande wa Page, si una azimio la kutosha?

mpwa_wa_jericho

Fremu ya Super 8 haifiki hata milimita 6 kwa upana, ndugu yangu. Ukikuza Page unapata chembechembe zilizobeba gitaa. Na hilo jamaa nimelizoea. Kwenye wimbo mmoja linatikisa kichwa sawasawa na ngoma, lilinisaidia kupanga sauti, sina utani.

Maana filamu haina sauti. Ila sauti za Earls Court mashabiki wamezihifadhi, usiku baada ya usiku. Kwanza nilihitaji kujua wimbo gani uko wapi. Mjomba hakuandika kitu. Gitaa ndilo lililosema: Page akishika lile la shingo mbili, nyimbo zinazowezekana ni chache mno. Wakiwa wamekaa chini na John Paul Jones, mpiga besi, ana mandolini, ni kile kipindi cha gitaa kavu katikati ya onyesho. Hapo unapata mtaa, bado nyumba.

Nyumba unaipata kwa mkono wa mpiga ngoma. Unaweka alama kila kijiti kinaposhuka, unaweka alama kila kishindo kwenye sauti, unazilaza pamoja. Hazilingani! Kamera imeandikwa fremu 18 kwa sekunde lakini betri zikichoka inakwenda 17 na ushee, na ndani ya riili moja inazidi kuchoka. Nilikata kila riili vipande vidogo na kuvinyoosha kimoja kimoja. Sikuunda fremu mpya za katikati, nilirudia zilizopo tu. Fremu za kubuniwa zinamfanya Bonham aonekane ana mikono ya pweza.

Halafu kuna kitu kilinikosesha usingizi wiki nzima. Nikipanga ngoma sawasawa, inaonekana vibaya, kama filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa. Mpaka nikakumbuka fizikia ya kidato cha pili. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyekaa mita 60 kutoka jukwaani anauona mkono kwanza, kishindo kinamfikia baada ya karibu sehemu mbili za kumi za sekunde, yaani fremu tatu hivi. Mtu aliyenasa sauti ile alikuwa mahali pengine ukumbini, hakukaa na mjomba. Nikasogeza kila kitu fremu tatu na ukumbi ukatulia.

Wambo_South_B

Samahani kwa kuleta maji baridi. Kazi ni safi, sipingi. Lakini Mzee hapo juu ametwambia muziki wa Nairobi ulifutwa kwa mkono, halafu sisi tunakesha miezi kumi na moja kwa ajili ya Waingereza wanne ambao wana pesa, mawakili na watu wa kuwarestorishia kila kitu. Filamu ya Pink Floyd wakipiga Pompeii imetolewa upya 2025 kutoka negativi ya awali. Beatles walipata Peter Jackson. Nani atampata mpiga gitaa wa River Road?

mpwa_wa_jericho

@Wambo_South_B swali hilo limeniuma kwa sababu mama aliniuliza lilelile, kwa maneno makali zaidi.

Jibu la kwanza ni kwamba hii ndiyo filamu niliyokuwa nayo. Haikuwa ya Led Zeppelin nyumbani kwetu, ilikuwa ya mjomba. Jibu la pili: skana haijui Mwingereza. Angalia tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, Zaire 74. James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, wote mbele ya kamera. Picha zile zilikaa makashani miaka 22 kabla ya filamu ya kwanza kutoka 1996, na muziki wenyewe ukasubiri hadi filamu ya Soul Power ya 2008. Tamasha la Harlem la 1969 lilingoja hadi 2021. Wamarekani, na pesa zao zote. Kwetu kuna watu wa Ketebul Music, Nairobi, ambao wamekuwa wakikusanya benga na mengine, heshima kwao. Lakini riili za majumbani hakuna anayeziuliza. Kama una mtu wa River Road mwenye filamu chini ya kitanda, nitamfanyia bure. Leta.

mzee_kamera

Niko na mikebe miwili ya milimita 16 niliyoiokoa. Tuzungumze pembeni, kijana.

Mbongo_Sinza

Mkuu, heshima yako. Mimi naona unajitesa bure, siku hizi akili mnemba inafanya kazi hii kwa usiku mmoja. Unatupia video, asubuhi unakuta 4K, nyuso zinang'aa. Umejaribu?

mpwa_wa_jericho

Nilijaribu, kaka. Huku tunaiita akili unde, jina lolote sawa.

Kwenye jukwaa matokeo yalinifurahisha kwa dakika kama tano. Robert Plant, mwimbaji wao, alipata meno. Kutoka mita 60, kwa Super 8, Plant hana meno, ana doa jeupe chini ya doa la dhahabu. Programu ilijua tu kwamba watu huwa na meno. Gitaa la Page liliota nyuzi ambazo hakuna lenzi ya mjomba iliyoweza kuziona, na hazikukaa sawa hata fremu mbili mfululizo. Hata Get Back, ile ya Beatles ya Peter Jackson, yenye filamu safi ya milimita 16 iliyopigwa Januari 1969 na mabingwa, kuna waliolalamika kwamba nyuso zimelainishwa mpaka zikawa nta. Sisi wa Super 8 tutatoka vipi?

Lakini sikuacha kwa sababu hiyo. Mwishoni mwa riili ya sita kuna sekunde nne. Mtu mwingine ameichukua kamera, inayumba, inageuka nyuma, na mjomba yuko pale. Ana miaka ishirini na kitu, koti la kola pana, kinywa wazi, anapiga kelele kitu kwa aliyeshika kamera. Nyuma yake taa za ngazi. Fremu 72. Nyumbani hatuna picha yake ya kabla ya kurudi Kenya, hata moja.

Nilizipitisha fremu hizo kwenye programu, zikatoka nzuri ajabu. Ngozi, macho, kope, kila kitu. Nikampelekea mama Jumapili baada ya kanisa. Nikaweka kompyuta mezani kati ya vikombe. Mama alivaa miwani, akatazama, akasema, "Ni nani huyu?"

Nikamwambia ni kaka yake. Akatazama tena. "Huyu si yeye. Huyu ni mtu anayefanana naye kidogo."

Nikafungua ile nyingine, niliyoisafisha vumbi na rangi tu. Ukungu mtupu, chembechembe zinacheza, uso mkubwa kama kidole gumba. Mama hakungoja hata ifike mwisho. Akasema jina lake la utotoni, ambalo mimi nilikuwa silijui, na kisha akasema, "Anaimba. Hapigi kelele, anaimba. Akiimba alikuwa anainua bega moja." Nikairudisha. Kweli, bega la kulia liko juu. Katika ile ya akili unde bega lilikuwa limenyooshwa likawa sawa na lenzake.

Nimeifuta ile nzuri. Si kwa hasira, sikuona tu sababu ya kuiweka kwenye diski moja na mjomba.

GitaaKavu

Sina la kuandika. Salimia mama.

Mbongo_Sinza

Nimekuelewa mkuu. Pole na hongera kwa pamoja. Utaiweka wapi tuione?

mpwa_wa_jericho

Picha ni za familia, nyimbo si zetu, na wenye nyimbo wanajulikana kwa ukali. Meneja wao Peter Grant alivunja chombo cha mtu Vancouver 1971 akidhani anarekodi kwa magendo, kumbe ni afisa aliyekuja kupima kelele! Kwa hiyo nitatoa dakika chache zisizo na sauti, na wenye hamu ya sauti wajipangie wenyewe. Msisahau zile fremu tatu.

Nakala kamili ziko kwenye diski tatu: moja kwangu, moja kwa mama, moja kwa dada yangu Nakuru. Nimezihifadhi kama FFV1 ndani ya Matroska, aina ya faili la video ambayo inabana bila kutupa kitu, pamoja na picha ghafi za kila fremu. Riili zenyewe hazijaguswa tena.

Nyali74

Ndugu, ulisema utanirudia kuhusu ukungu wangu.

mpwa_wa_jericho

Nisamehe, nilipotelea kwa mama. Usiufute ukiwa mbichi, utausugua uingie kwenye picha. Ziweke kwanza mahali pakavu na penye hewa hadi ukungu ukauke uwe unga, uvae barakoa, kisha uje nazo. Usizitume kwa basi. Panda treni, ukishuka Syokimau nitakupokea. Na usiziweke kwenye buti ya teksi, zishike mapajani.

Nyali74

Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nitaleta na halua.

Wambo_South_B

Na riili ya saba? Ile ya kachumbari. Umetuacha hewani.

mpwa_wa_jericho

Bado. Imesinyaa kiasi kwamba roli zangu zinaivuta upande, na nikijaribu kuikunjua inalia kama jani kavu. Najenga lango jingine, yule kijana wa Kamukunji ameshaniambia bei imepanda. Kwa sasa iko kwenye friza ya mama, mifuko miwili, chini ya samaki, maana baridi inachelewesha kuoza. Jana ameniuliza itatoka lini, anataka nafasi ya kuku wa Krismasi.